Kabla ya kuchagua Ajaili au maporomoko, kaa na karani

Wadogo zangu mnaoingia kwenye timu za programu, mapema tu mtasikia kikaoni: tunakwenda na Ajaili (Agile), yaani kujenga kipande kidogo, kukionyesha na kurekebisha, au ile njia ya zamani ya maporomoko ya maji, hatua moja iishe ndipo nyingine ianze? Msikimbilie kujibu. Mimi huuliza kwanza: ni kitu gani hatujakijua kuhusu kazi hii, na tukikosea, tutagundua lini?

Swali hilo lilinifika kwa machungu. Tulikuwa tunajenga mfumo wa mikopo wa SACCOS moja. Tukaandika hati ya mahitaji ya kurasa zaidi ya 80, meneja akasaini, tukajifungia miezi mitano. Siku ya kuonyesha, karani wa mikopo alitazama skrini, akanyamaza, kisha akatoa kaunta buku kwenye droo. Safu ya tatu ilikuwa ya wadhamini. Mdhamini akijitoa, mama yule hupiga mstari juu ya jina na kuandika jingine pembeni, mkopo unaendelea. Mfumo wetu ulimfunga mdhamini tangu siku mkopo unapopitishwa. Tulibomoa majedwali matano ya hifadhidata. Na yeye alikuwepo pale ofisini siku zote hizo!

Kwa kazi ya namna hiyo, ambayo nusu ya ukweli imo kwenye daftari la mtu, chukueni Ajaili: sprinti, yaani awamu fupi ya kazi, ya wiki mbili, na mwisho wake kitu kinachofanya kazi kiwe mikononi mwa mtumiaji. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Nimeona timu zinafanya kile kikao cha kusimama cha Ajaili kila asubuhi dakika 15 bila kukosa, na mtumiaji hajaona chochote kwa miezi mitatu. Hayo ni maporomoko yaliyobadilishwa jina.

Lakini tulipofika kwenye kupokea marejesho kwa pesa za simu, nilikataa kwenda kwa Ajaili. Muamala ukikatika katikati, pesa imetoka kwa mwanachama na jibu halijarudi, mfumo unafanya nini? Hili huandikwa lote, hali moja baada ya nyingine, na kupitiwa na mhasibu kabla ya mtu kugusa msimbo wa programu. Huwezi kujifunzia kwenye pesa za watu.

Wala msidhani waanzilishi wa njia hizi walikuwa na msimamo mkali kama wanavyosimuliwa. Wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Marekani, Februari 2001, waliandika kwenye ilani yao ya Ajaili kwamba wanathamini zaidi kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango, na wakakiri kwamba mpango nao una thamani. Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kama chimbuko la maporomoko, aliandika humohumo kwamba kwenda moja kwa moja hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa.

Kwenye tenda, ambapo bei na tarehe vimeshafungwa, ombeni mapema malipo yagawanywe kwa hatua ambazo mtumiaji amezijaribu. Mkataba ukishasainiwa, kulibadilisha hilo ni shida.

Na wewe uliyeanza juzi, omba ruhusa ukakae siku mbili na karani, uone anaandika nini pembeni mwa daftari. Ukirudi, mkae na msimamizi wa mradi mgawe: hii tunaiandika yote kwanza, hii tunaionyesha kila wiki mbili.