Re: Iringa hakuna bahari, watoto niwapeleke wapi?

Kamwene dada! Umesema Tanga mlizoea kushinda ufukweni bure, sasa Iringa Jumapili inawashinda. Anzeni na Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Mnatoka mjini kwa miguu, nauli hamna. Nendeni saa kumi jua likipoa, mbebe karanga, maji na masweta, upepo wa kule si wa Tanga! Ukifika juu, mji wote uko chini yako. Wadogo washike mkono, kuteleza ni rahisi.

Siku nyingine nendeni Isimila, eneo la mambo ya kale, kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya Mbeya. Kuna kiingilio, lakini zile nguzo za udongo zinazopita nyumba kwa urefu, na zana za mawe za kale... wangu hawakuulizia katuni siku nzima.