Wifi Yangu na Mofa za Saa Nne

Shangazi, asalamu aleikum. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkaazi wa Amu, yaani Lamu, nafanya kazi katika nyumba ya wageni upande wa Mkomani. Kila saa nne sisi wafanyakazi huchanga tukanywa chai pamoja, kwa mikate ya mofa au mahamri na mbaazi za nazi. Mwaka jana dada wa mume wangu aliachika Mombasa akarudi kwao Langoni, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi hapa. Siku ya kwanza tu nikamjua. Hali nasi. Anachanga, lakini hunywa chai kavu, hufunga sehemu yake ya mofa na mbaazi, kisha hutoka nusu saa bila kumuaga mtu. Nikawaambia wenzangu kuwa yule ni mchoyo, ana maringo, na ndiyo sababu hakukaa kwa mume. Juzi hakuja kazini, na mpishi wetu, mzee wa watu, akaniuliza mbele ya wote: "Leo mama mkwe wako atakula nini?" Kumbe chakula kile humpelekea mama yao, ambaye ana sukari na kidonda mguuni, hawezi kusimama jikoni. Mume wangu ni nahodha wa mashua za watalii na alikuwa akimpa mamake matumizi, ila tangu Januari hali imekuwa ngumu kwa sababu ya upepo wa kusi, na pia kuna makochi tunayolipia. Sasa maneno yangu yamemfikia. Amenuna, hataki chakula changu, na anataka nimuombe dadake radhi mbele ya wafanyakazi wote. Je, huku si kunidhalilisha? Mimi nilihukumu kwa nilichokiona. Na je, nimwambie mama mkwe? Kila nikienda ananiombea dua kama kawaida.

Waaleikum salaam, mwanangu. Pole kwa kununiwa, maana nyumba ya watu wasiosemezana haikaliki. Pole yangu inakomea hapo. Barua yako nimeirudia, na kila nikiisoma naona aliyedhulumiwa ni mwingine.

Nianze na upepo. Wewe ni mke wa nahodha, unaniandikia kwamba kusi iliwabana tangu Januari? Januari ni kaskazi. Hiyo ndiyo miezi ambayo wageni wamejaa Amu na Shela, na mwenye mashua hana nafasi ya kukaa. Kusi huja na masika, kuanzia Aprili, hapo ndipo bahari huchafuka na nyumba za wageni hupunguza watu. Kwa hivyo pesa za mama mkwe hazikukatwa na upepo. Zilikatwa na makochi, ambayo umeyataja kwa maneno machache ukayapita mbio, wala hukusema ni nani aliyeyataka. Mumeo naye alikubali, na kwa hilo atamjibu mamake mwenyewe. Lakini nadhani hasira yake ya leo ina aibu ndani yake: amejua kwamba dada aliyeachwa, mwenye mshahara mdogo kuliko wa nyumba yenu, amebeba mzigo aliouweka yeye chini, na mkewe anamcheka kwa kuubeba.

Wasema ulihukumu kwa ulichokiona. Hapana. Ulichokiona ni mwanamke aliyefunga chakula akatoka. Uchoyo hukuuona, uliutia wewe. Mchoyo hashindi na njaa. Wewe mwenyewe umeandika kuwa alichanga, kisha akanywa chai kavu. Mtu akilipia chakula asikile, mwenye huruma humuuliza kama anaumwa. Swali lilikuwa dogo: "Wifi, mbona huli?" Mko kazi moja, ukoo mmoja, na mpishi asiyewahusu alilijua jawabu kabla yako. Hukuuliza kwa sababu jawabu lako ulikuwa nalo tangu siku aliposhuka gatini na sanduku lake. Ameachwa, basi ana ila, na ila hiyo ukawa unaitafuta mpaka kwenye mofa. Amu imejaa milango ya nakshi ya kupendeza macho, na bado waliotutangulia walituachia neno: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Lile neno, "ndiyo sababu hakukaa kwa mume", limeniuma kuliko yote. Mofa na talaka vina uhusiano gani? Ulikuwapo Mombasa?

Nalisema hili kwenu nyote mnaosoma, si kwa huyu peke yake. Zamani, Mkomani hiyo hiyo unakofanya kazi, baba mwenye uwezo alipomuoza binti yake alimpa nyumba. Kama kiwanja hakikuwapo, alijenga juu ya kichochoro, yale mawikio tunayopita chini yake mpaka leo, ili binti asiondoke karibu na wazazi wake. Mume ndiye aliyehamia. Ndoa ikivunjika, mwanamke alikuwa kwake, na hakuna aliyemhesabia siku za kukaa. Leo ndoa zimekuwa za watu wawili na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Mke anamtaka mume bila mama yake wala dada zake, na mume anataka mke asiyemletea habari za kwao. Wakikaa hivyo miaka michache, wanaanza kuwaona ndugu kama watu waliokuja kuwapunguzia. Halafu mama anaugua, na anayebaki naye ni yule binti aliyerudi, mnayemwita mzigo. Ndugu ni kufaana, si kufanana. Nyinyi mna makochi, yeye ndiye mwenye mama.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, unaijua, maana umesoma madrasa kama sisi sote. Tumekatazwa dhana nyingi, tumekatazwa kuchunguzana na kusengenyana, na msengenyaji amefananishwa na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Mlikuwa mmekaa kwenye chai mkimla mtu, naye wakati huo yuko njiani kwenda Langoni kumlisha mama wa mumeo.

Mumeo hakudhalilishi. Amekuambia la haki. Maneno uliyasema kwenye chai, radhi iombwe kwenye chai, mbele ya masikio yale yale. Usimtumie ujumbe wa WhatsApp wenye maua, wala usimvute pembeni ukamnong'oneza, maana hukumsema kwa kunong'ona. Ngoja watu wakae, kisha useme: "Nilimsema wifi yangu hapa, na nilimsema uongo. Hana uchoyo wala maringo. Habari ya ndoa yake siijui na sikuwa na haki ya kuigusa. Chakula anachofunga ni cha mama mkwe wangu, na kumlisha mama kulikuwa juu yetu pia, mimi na mume wangu." Ukimaliza, nyamaza. Usiongeze "lakini mimi sikujua." Na akikataa kukujibu siku hiyo, usimsukume. Ana haki ya kukaa na uchungu wake hadi atakapotaka mwenyewe.

Pesa za mama zirudi mwezi huu. Makochi yasubiri, na mwenye duka akija kuyachukua, ayachukue. Na kuanzia kesho chakula cha asubuhi cha mama kitoke jikoni kwako, ukipeleke Langoni kabla ya kwenda kazini, ili saa nne ikifika wifi yako akae kitako ale mofa aliyoichangia.

Kuhusu mama mkwe, usimwambie. Anakuombea dua kama kawaida kwa sababu binti yake hakumfikishia neno hata moja, na anaingia mle kila siku. Ukimwambia sasa, utakuwa unatafuta nafuu yako kwa kumuumiza mgonjwa. Mtazame kile kidonda, maana mtu wa sukari kidonda chake si cha kuachiwa. Muulize tarehe ya kliniki, uombe ruhusa kazini siku hiyo, na umpeleke wewe. Vichochoro vya Langoni havipiti gari, kwa hivyo tafuteni punda mapema, na mumeo aje amshike upande wa pili.