Kabla hujamtajia bei

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza: huyo mzee anayetaka umwandikie kitabu cha maisha yake, umtoze kwa neno au umtajie bei moja ya kazi nzima? Mimi nakuuliza jingine: atakaa nawe saa ngapi? Kusikiliza ni kazi, na kazi hulipwa. Najua neno hili umelisikia tangu utotoni.

Unakumbuka mwaka ule meza yetu ilivyojaa kaseti, mkawa mnakula mmepakata sahani? Zilikuwa za mfanyabiashara mmoja. Tulikubaliana anilipe kwa ukurasa, ukurasa wa maneno 250, nami nikaona nimepata. Alizungumza saa 40. Saa moja ya mazungumzo hutoa maneno kama 9,000, na kuyanakili kulinichukua saa nne, maana unasimamisha, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Piga hesabu mwenyewe. Nikamkabidhi kurasa 240. Akaketi mbele yangu na kalamu nyekundu, akawa anakata ukurasa baada ya ukurasa: talaka yake, ugomvi na kaka yake, mwaka aliofilisika. "Hizi sizitaki, kwa hiyo sizilipii." Zikabaki 110, nikalipwa 110. Wala hakuvunja mkataba. Ndivyo ulivyosema, na sahihi ilikuwa yangu. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Siku ya uzinduzi nilikaa safu ya nyuma. Akasoma pale mama yake anapozima taa ili watoto wasimwone akilia. Ukumbi mzima ukanyamaza. Sentensi ile niliiandika mara kumi na moja, mwanangu. Kaseti zote zile, na bado kwa sentensi ile moja ningerudi kuzisikiliza.

Basi mtajie bei ya kazi nzima. Lakini hapana, nayo ina mtego: mtu akishalipa bei moja huona ana haki ya kukurekebishisha mpaka achoke yeye. Kwa hiyo mkataba uandike saa za mahojiano, na masahihisho mara mbili. Yakizidi, ni malipo mengine. Arubuni ije kabla hujawasha kinasa sauti, na fungu la pili rasimu inapokabidhiwa, si inapopendwa. Akighairi katikati, ulichokwisha kupokea ni chako. Na kama jina lako halitatajwa popote, ongeza bei, kwani kitabu hicho hutaweza kumwonyesha mteja ajaye.

Unasema anataka kukulipa nusu, nyingine uipate kwenye mauzo. Yupo aliyefaidika hivyo: Tony Schwartz, aliyemwandikia Donald Trump kitabu kilichotoka 1987, alipewa nusu ya malipo ya awali na nusu ya mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, na jina lake likakaa kwenye jalada. Ila kile kilikuwa na mchapishaji aliyekwisha kutoa fedha. Chako bado hakina. Saa utakazomsikiliza zitapita kitabu kiuzwe kisiuzwe, na kusikiliza ni kazi.

Ningekwambia ukatae. Sikwambii. Wewe ndiye uliyekaa naye, umeisikia sauti yake, mimi sijamwona. Na huenda naye ana taa yake iliyozimwa. Lakini nitumie huo mkataba kabla hujatia sahihi. Nitasoma kifungu cha malipo tu.

Mama yako