Fundi kasema kibali hakihitajiki, nimsikilize?

SWALI: Shikamoo aunti. Tumenunua nyumba huku Leicester, England, mbele kuna kibustani cha nyasi tu na gari tunalaza barabarani, yaani ukitoka shifti ya usiku unazunguka mtaa mzima unatafuta pa kuegesha. Mume wangu kapata fundi anasema atang'oa nyasi apige pevingi, yale matofali ya kutandaza chini, wikiendi moja tu, kibali hakihitajiki, na pale kwenye pevumenti, njia ya waenda kwa miguu, tutakuwa tunapanda na gari taratibu manake kabi, ule ukingo wake, yenyewe fupi. Mi roho inanidunda. Kweli hakihitajiki? – Mama Mapacha

JIBU: Marahaba mwanangu, hongereni kwa nyumba. Sasa mwambie baba mapacha asimpe huyo fundi hata senti kwanza, manake hapo kuna ruhusa mbili na yeye kaongelea moja, tena nusu.

Ya kwanza ni kushusha kabi, yale mawe ya ukingoni yanatolewa yanawekwa ya chini, halafu pevumenti inaimarishwa ibebe uzito wa gari. Pevumenti hata kama inagusa ukuta wako ni ya barabara, so unaomba kwa kaunsili, yaani halmashauri, idara ya barabara, chini ya kifungu cha 184 cha sheria ya barabara (Highways Act) ya 1980. Bila hiyo kupandisha gari hapo ni kosa, kuna sheria ya mwaka 1835 inayokataza, ya enzi za farasi na mikokoteni, na mpaka leo ipo. Ukivunja slabu au bomba lililopita chini, bili inakuja kwako. Na vile vipande vya mbao watu wanavyotega kwenye mtaro ili tairi lipande, acheni kabisa.

Ya pili ni planing, yaani kibali cha mipango miji, na hapa ndo fundi ana nusu yake. Kama ni nyumba sio fleti, na mtaa wenu ni wa ndani, kutoboa njia ya gari mara nyingi hakuhitaji planing. Ila kama mbele yenu ni barabara iliyopangiwa daraja la A, B au C, inahitajika, na za C zinawatega watu kwa sababu namba yake huioni kwenye kibao, lazima uulize. Nyumba za kihistoria na mitaa ya uhifadhi nayo ina masharti yake, ulizeni.

Halafu hizo nyasi. Tangu Oktoba 2008, huku England ukifunika zaidi ya mita za mraba 5 mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji unatakiwa planing, na gari moja tu linakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Ni baada ya mafuriko ya 2007, bustani zimezibwa zege na mvua yote inakimbilia kwenye mitaro. Mkiweka kokoto, au pevingi za kupitisha maji, au mkalaza mteremko maji yaishie kwenye bustani ya maua, hapo kibali hakidaiwi. Muulize fundi pevingi zake ni za aina gani, umwangalie usoni.

Mi mwenyewe nilijifanya mjuaji, nikapiga pevingi kwanza ndo nikaomba kabi. Akaja afisa na futi yake, akapima kutoka ukutani mpaka pevumenti, mita 4.5, wao wanataka 4.8. Nikamwambia gari langu dogo jamani, akasema mama mi napima nafasi sipimi gari, kesho utauza nyumba aje mwenye gari refu matako yawe nje watu wa mikokoteni ya watoto wapite wapi. Mpaka leo pale pamekaa mapipa ya taka na baiskeli ya mtoto, gari bado linalala barabarani! Vipimo vinatofautiana kila kaunsili, so angalieni vya kwenu, na mkiwa na mti wa kaunsili au nguzo ya taa hapo mbele jiandaeni kukataliwa au kulipia kuhamisha. Kabi kwanza, pevingi baadaye. Na kazi ya kwenye pevumenti inafanywa na mafundi wa kaunsili au waliopitishwa nao, sio huyo wenu, na mara nyingi inapita pauni elfu moja.

Leicester mjini idara zote ziko kaunsili moja, ila mlio kwenye kaunti, barabara ni ya kaunti na planing ni ya wilaya, msije mkapata jibu la mmoja mkadhani yameisha.

SWALI: Aunti sisi kabi ilishashushwa na mstari mweupe upo, jirani bado analaza vani hapo hapo. Nifanyeje? – Baba Zai, London

JIBU: Piga kaunsili, kitengo cha paking. Kwa njia ya nyumba moja huwa hawaandiki faini mpaka mwenye nyumba alalamike, manake inawezekana ni mgeni wako umemruhusu. Mstari mweupe ni wa kukumbushia tu kaka, kinachomponza jirani ni ile kabi iliyoshushwa, hata rangi ikifutika.