Majibu ya dokta: silkie wangu ni jogoo au tetea, na mbona usiku wanakoroma?

Maswali ya silkie yamekua mengi mno kwenye sanduku letu, hawa kuku wa manyoya laini wenye kishungi na vidole vitano, kwaiyo leo ukurasa wote nimewapa wao.

Shikamoo dokta. Nimenunua vifaranga 6 vya silkie, saivi vina miezi miwili na kitu. Muuzaji aliniambia wanne ni mitetea ila mi naona wote wamefanana tu. Jirani kasema niwashike miguu niwaninginize, anayetulia ni jike. Ni kweli? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Hapana, usiwaninginize kabisa, haina ukweli wowote na unaweza kumtegua kifaranga nyonga bure. Na huyo muuzaji aliyekuhakikishia mitetea wanne kwa umri ule alikua anabahatisha, maana silkie ni katika kuku wagumu sana kuwajua jinsia wakiwa wadogo. Ile ya kuangalia manyoya ya bawa kwa kifaranga wa siku moja inafanya kazi kwa kuku ambao wazazi wao walichaguliwa makusudi kwa ajili hiyo, kama baadhi ya kuku wa mayai wa kisasa, kwa silkie haikusaidii.

Subiri. Kuanzia miezi mitatu hivi anza kuwaangalia upanga, yaani kile kinyama juu ya pua, kwa jogoo kinatanuka mapema kinakua kipana chenye mikunjo, kwa tetea kinabaki kadogo utadhani ni punje imejificha kwenye manyoya. Alafu angalia kishungi kutokea pembeni. Cha tetea kinajaa mviringo kama mpira wa sufi, cha jogoo kinalala kwenda nyuma na kinatoa manyoya machache marefu yanayochomoza nje ya mengine, hizo nyuzi ndefu mi ndo naziamini kuliko kitu chochote. Vile vinyama vinavyoninginia chini ya mdomo navyo kwa jogoo vinakua, ila kama silkie wako ni wa ndevu vinafichwa, mpaka uyapanue manyoya kwa vidole.

Tabia pia ila usiitegemee peke yake, maana kuna mitetea wakorofi wanaotunishiana vifua na kuna majogoo wapole mpaka unashangaa. Wengi wanaanza kuwika kati ya miezi minne na sita, wengine wanachelewa zaidi, na tetea wa silkie anaweza kufika miezi saba hata tisa ndo unaona yai la kwanza. Kwaiyo usiuze wala usichinje mtu kwa kukisia. Na ukinunua tena, nunua vifaranga wengi kidogo kuliko unaotaka kubaki nao, au nunua waliokomaa ulipe bei yao.

Dokta naomba msaada wa haraka. Nilileta silkie watatu kutoka kwa mfugaji mwingine nikawaweka na wangu 11 siku ileile. Baada ya kama wiki wakaanza chafya, macho yanatoa povu, usiku nikisogea bandani nasikia wanakoroma, mmoja uso umevimba upande mmoja. Nimewapa OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) siku mbili nikaona nafuu nikaacha, imerudi. Wengine wananiambia pilipili, wengine kitunguu swaumu. Nifanyeje? (Mama wawili, Morogoro)

Pole sana mama. Kabla ya dawa yoyote, leo hii watenge wanaoumwa, chombo chao cha maji na cha chakula kiwe chao, na uwahudumie wazima kwanza ndo uende kwa wagonjwa, sio kinyume, kisha unawe mikono na ubadilishe viatu.

Sasa tuangalie ni nini, kwa sababu kuku kukoroma sio ugonjwa mmoja. Kama wangekua wanakufa wengi kwa haraka, wanaharisha kijani, wengine shingo zinapinda, ningekwambia ni kideri na hapo hakuna dawa ya kutibu, unamwita afisa mifugo wa kata moja kwa moja. Mafua ya kuku yenyewe yanavimbisha uso, kamasi zinatoka zinanuka vibaya, na yanaenea banda zima ndani ya siku chache. Ule ugonjwa sugu wa njia ya hewa, unaosababishwa na vijidudu vya maikoplazma, unakuja taratibu, povu kwenye kona ya jicho, mkoromo wa usiku, unapoa alafu unarudi kuku wakipata baridi au wakisafirishwa. Kwa ulivyoeleza wako wanaelekea huko, ila huo uso uliovimba unaweza ukawa mafua juu yake, na magonjwa haya mawili yanapenda kutembea pamoja. Mfungue mdomo umwangalie koo kwa tochi. Ukiona utando wa njano umeganda ndani hiyo yaweza kuwa ndui ya ndani, ni virusi, antibayotiki haiwezi kuviua.

Kwenye dawa nitasema wazi, kuacha siku ya pili ndo kumekurudisha hapo ulipo. Vijidudu vilivyobaki vimeonja dawa na havijafa. Mpigie daktari wa mifugo aliye karibu nawe, ukiweza apeleke sampuli maabara, mwambie ulishatumia OTC na uliishia wapi. Kwa maikoplazma mara nyingi tunaenda na tailosini au doksisaiklini, kwa mafua kuna dawa za salfa, lakini kipimo ni kile cha kwenye lebo kulingana na dawa uliyouziwa, maana nguvu zinatofautiana kati ya pakiti na pakiti. Maji yenye dawa yawe ndo maji pekee wanayopata, yachanganywe upya kila siku, na umalize siku zote zilizoandikwa hata wakionekana wamepona. Ukiwa kwenye OTC au doksisaiklini ondoa chokaa na maganda ya mayai kwa siku hizo, kalisiamu inaishika dawa tumboni isifanye kazi. Pilipili na kitunguu swaumu havitamtibu, na pilipili machoni ni kumuongezea mateso kuku ambae tayari anahangaika kupumua.

Silkie ana shida yake ya ziada. Kamasi na machozi yanaloanisha kishungi na ndevu, manyoya yanagandamana juu ya jicho, haoni chakula, anaacha kula, na manyoya yake hayazuii maji kama ya kuku wengine kwaiyo akilowa anapoa vibaya sana. Msafishe uso kwa pamba na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, punguza kwa mkasi manyoya yanayoziba macho, mkaushe kabisa, muweke mahali pakavu pasipo na upepo wa moja kwa moja.

Alafu chuchumaa bandani, weka pua yako pale kuku alipo. Ukisikia harufu kali ya kuchoma macho, hiyo ni amonia ya kinyesi, na inaharibu njia ya hewa hata bila kijidudu. Badilisha maranda, ongeza uwazi kwa juu ili hewa ipite. Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa nalo ni hatari, moshi wake ndo mwanzo wa vifua vingi ninavyoletewa.

La mwisho halitakufurahisha. Kuku aliyepona maikoplazma anabaki nayo mwilini, na inapita kwenye yai mpaka kwa kifaranga. Kwaiyo usiuze mayai ya kutotolesha wala vifaranga kutoka kwa hao, na usiingize kuku wapya humo. Siku utakapoanza kundi lingine, mgeni yeyote anakaa mbali siku 30.

Kideri nacho usisahau, wakishapona. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Kwa silkie inua kishungi kwanza, usubiri apepese jicho ndo umwachie, la sivyo umechanja manyoya.

Kifaranga wangu wa silkie kapinda shingo, anarudi nyumanyuma na kuanguka. Wenzake wazima. Nimchinje? (Msomaji, Arusha)

Usimchinje bado. Silkie wengi wana fuvu lenye uvimbe na uwazi juu kichwani chini ya kishungi, akidonolewa hapo ubongo unaumia moja kwa moja. Mtenge na wanaodonoa, mpe vitamini E yenye seleniamu, mshikie kichwa anywe na ale taratibu mara nyingi kwa siku. Wengine wanachukua wiki kadhaa kunyooka. Ila ukiona na wengine wanaanza, au ananyoosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hapo nawaza kideri au mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, na mareksi inawapata silkie kirahisi. Chanjo yake inatolewa kifaranga akiwa na siku moja, kwaiyo muulize muuzaji kabla hujalipa.

Nyama yake ni nyeusi mpaka mifupa, watoto wanaogopa. Inaliwa? (Msomaji, Mbagala)

Inaliwa, ni rangi yake ya asili tu, na China wanaipenda sana kwenye supu. Ila jogoo wa silkie ana kilo moja na nusu hivi kwaiyo usitegemee minofu mingi, na kama umewapa dawa karibuni subiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, mayai pia.