Unapenda kantri? Zitafute hizi sinema za draivini, lakini ziangalie hivi

Kama wewe ni mtu wa Jim Reeves, Charley Pride, Don Williams na wale wengine ambao sisi Wakenya tumelelewa nao kwa redio, basi kuna hazina ambayo pengine hakuna mtu amewahi kukuambia iko. Miaka ya sitini huko kusini mwa Marekani zilitengenezwa sinema nyingi za bajeti ndogo ambazo ndani yake wamo waimbaji wa kantri wenyewe, sio waigizaji wanaojifanya waimbaji, na zililengwa hasa draivini, zile sinema za uwanjani ambapo watu wanaegesha magari mbele ya skrini kubwa na kuangalia wakiwa wamekaa ndani ya gari. Mimi naishi Kentucky, na hizi sinema nimezitafuta kwa miaka, zingine nimeziona mara nyingi mpaka mke wangu anajua nani anafuata kuimba. Watu wakiniuliza waanzie wapi, kabla hata sijataja jina la sinema huwa nawaambia kitu kimoja, achana na stori, fuata nyimbo.

Nasema hivyo juu najua kitakachotokea. Utafungua ya kwanza, uone mtu anasema maneno yake kama mtoto anayekariri shairi siku ya wazazi, utani wenyewe ni wa zamani, mandhari ni pazia na marobota ya nyasi kavu, na baada ya dakika kumi utazima useme hii ni takataka. Na utakuwa umezima kabla George Jones hajaingia.

Hebu fikiria. George Jones wa mwaka 1965, kwa rangi, kwenye filamu halisi. Loretta Lynn wa mwaka huo huo, kabla dunia nzima haijamjua. Wote wawili wako kwenye Forty Acre Feud, pamoja na Ray Price, Skeeter Davis, Bill Anderson, Minnie Pearl, na Ferlin Husky ndiye anabeba stori kuhusu familia mbili zinazozozana kijijini. Vipindi vya televisheni vya waimbaji hawa wakati ule vingi vilikuwa vya picha nyeusi na nyeupe, na kanda nyingi hazikutunzwa. Kwa hiyo hizi sinema ambazo wakosoaji wa mjini walizidharau ndizo leo zinatuonyesha nguo zilikuwa rangi gani, vidole vilipita wapi kwenye gitaa, nani alisimama nyuma ya nani. Ukitaka kuona zile suti za kumetameta za Nudie Cohn, yule fundi wa Hollywood aliyewashonea akina Porter Wagoner na Hank Snow, usizitafute kwa picha za magazeti, zitafute humu.

Ukianza kuangalia, usimkazie macho mwimbaji peke yake. Nyuma yake kuna mtu ameketi na gitaa la stili, lile la kulazwa ambalo linalia kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi, na mara nyingi kamera inamsogelea kwa sekunde chache tu halafu inaondoka. Hizo sekunde ni za thamani. Mimi nina jirani Mkongomani anayepiga gitaa kanisani, hakuwa na habari kabisa na kantri, lakini nilipomwonyesha hiyo sehemu alinyamaza, akaniambia rudisha, nikarudisha, akasema tena rudisha. Ujue pia kwamba mara nyingi waimbaji wanafuatisha midomo tu kwa wimbo uliorekodiwa tayari, kwa hiyo usishangae sauti ikiwa safi kuliko picha au ukisikia ala ambayo huioni jukwaani. Hiyo ilikuwa njia ya kuokoa pesa na muda, mwimbaji anakuja, anafuatisha wimbo wake, anaondoka kwenda shoo ya jioni.

Na huwezi kuelewa kwa nini zimekaa hivyo mpaka uelewe draivini zenyewe. Ya kwanza ilifunguliwa Juni 1933 karibu na Camden, New Jersey, na bwana anaitwa Richard Hollingshead. Mwezi mmoja nyuma, Mei 1933, ndio alikuwa amefariki Jimmie Rodgers, yule watu wa kantri wanamwita baba wa muziki huu. Ndiye huyo huyo ambaye rekodi zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis, wasichana wakamwimba kwa jina la Chemirocha, na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akaurekodi ule wimbo mwaka 1950. Sisi na kantri tumetoka mbali, mtu asikuambie ni muziki wa kuazima. Sasa kufikia 1958 draivini Marekani zilikuwa kama 4,000, nyingi ziko kwa miji midogo na mashambani, mahali ambapo mkulima anatoka shambani, anapakia mama na watoto, watoto wengine tayari wako na nguo za kulala, na familia yote inaingia bila mtu kuvaa suti. Mwenye draivini faida yake kubwa iko kwa chakula cha kibandani, bisi na soda na soseji, kwa hiyo anachotaka ni magari yajae, na hao watu wake wanapenda nini? Wanapenda waimbaji wanaowasikia kila Jumamosi usiku kwenye Grand Ole Opry, ile shoo ya kantri ya redio WSM ya Nashville. Hata kabla ya hizi sinema, waimbaji kama Bill Monroe walikuwa wanakuja kupiga muziki moja kwa moja juu ya paa la kile kibanda cha chakula, halafu sinema inafuata. Kutoka hapo mpaka kuwaweka kwenye filamu yenyewe ni hatua ndogo sana.

Ndio maana wengi waliozitengeneza walikuwa watu wanaoijua biashara kutoka chini. Ndugu wa Woolner, waliotoa Hillbillys in a Haunted House mwaka 1967, walianza kama wenye draivini huko Louisiana. Ron Ormond, aliyeongoza ile Forty Acre Feud, alitoka kwa sinema za kauboi za Lash LaRue, akahamia Nashville akafanya kazi na mke wake na mtoto wao, na baadaye walipopona ajali ya ndege aliacha hizo zote akaanza kutengeneza sinema za mahubiri za kuonyeshwa makanisani. Mimi huyo mtu namheshimu. Alifanya kazi na pesa kidogo na familia yake, na kama sio yeye kuna waimbaji tusingewaona.

Sasa uanze na gani. Kwa mtu mgeni kabisa mimi nasema anza na hiyo hiyo Hillbillys in a Haunted House, juu inachekesha bila kujaribu sana na iko na watu wa ajabu pamoja, Ferlin Husky, Joi Lansing na Don Bowman wanaenda Nashville, mvua inawashika, wanaingia nyumba ya zamani, kumbe chini kuna majasusi wanatafuta siri ya mafuta ya roketi, wako na sokwe, na majasusi wenyewe ni Basil Rathbone, John Carradine na Lon Chaney Junior, wakongwe wa sinema za kutisha. Merle Haggard anatokea anaimba, na ukikumbuka kwamba alitoka gereza la San Quentin mwaka 1960, kumwona pale akiwa kijana nadhifu na gitaa lake inagusa moyo. Vumilia mpaka mwisho, maana stori ikishaisha kabisa ndio shoo ya muziki inaanza, na ni ndefu. Huu ndio mtindo wa nyingi kati yake, kwa hivyo ukiwa na haraka peleka mbele mpaka theluthi ya mwisho, hakuna atakayekulaumu.

Ukishazoea, nenda kwa The Road to Nashville, nayo ya 1967. Hapo stori ni kama haipo, mtu wa Hollywood anatumwa kutafuta waimbaji basi, na hiyo ni faida kwako kwa sababu nafasi yote wamepewa Marty Robbins, Johnny Cash, familia ya Carter, Kitty Wells, Lefty Frizzell, Connie Smith, Webb Pierce, mmoja baada ya mwingine. Mimi hii ndiyo naipenda kuliko zote. Kama unamtaka Waylon Jennings kabla hajafuga ndevu, iko Nashville Rebel ya 1966, hii angalau inajaribu kuwa sinema, kijana ametoka jeshini anaingia muziki na kuonja uchungu wake. Marty Robbins pia ana moja ya mbio za magari, na huyo hakuigiza tu, alikuwa dereva wa kweli wa mashindano ya NASCAR. Na Johnny Cash ile Five Minutes to Live ya 1961 usiiangalie na watoto, huko ni jambazi amemteka mke wa meneja wa benki, na yule mtoto mdogo ndani ni Ron Howard ambaye baadaye alikuwa mwongozaji mkubwa.

Wale wa Jim Reeves, na najua ni wengi, yenu ni Kimberley Jim. Haikutengenezwa Marekani, ilipigwa Afrika Kusini mwaka 1963, Jim na mwenzake ni wacheza kamari wanaoshinda mgodi wa almasi. Alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, kwa hiyo ndiyo nafasi pekee ya kumwona akibeba sinema nzima. Mama yangu alipoiona alishangaa kwamba Jim anaweza kucheka hivyo, juu alizoea ile sauti ya huzuni ya redio.

Kuna jambo sitaki kulipita. Ukiwa Mwafrika unaangalia hizi sinema, utaona haraka kwamba watu wako hawamo. Hizi ni sinema za Kusini, miaka ile ile sheria ya haki za kiraia ya 1964 ilikuwa ndio inaanza kushika, na zingine zinapeperusha bendera ya yale majimbo ya Kusini yaliyopigana vita kuulinda utumwa kana kwamba ni pambo tu. Charley Pride, kwa vile ni mweusi, wimbo wake wa kwanza kampuni ya rekodi ya RCA waliutoa mwanzoni mwa 1966 na wakawatumia watu wa redio bila picha yake. Mimi sikwambii ufumbe macho, wala sikwambii uache. Nakwambia ujue unachoangalia, na ukiwa na vijana waambie kabla, usingoje waulize. Banjo yenyewe asili yake ni Afrika, ililetwa na waliosafirishwa kwa nguvu, na hilo pia waambie.

Kuhusu kuzipata, nyingi ziko YouTube bure, lakini ubora ni bahati, unaweza kupata nakala imefifia mpaka picha yote imekuwa waridi. Tafuta DVD zilizosafishwa ikiwezekana, na za Ormond zimefanyiwa ukarabati miaka hii ya karibuni, tofauti ni kubwa. Na usiangalie peke yako kwa simu. Hizi vitu zilitengenezwa za kuangaliwa na watu wanaoongea, wanaoinuka kwenda kununua chakula, watoto wanakimbia, ndio maana nyimbo zimewekwa hapa na pale na stori ni rahisi, ukikosa dakika kumi hujapoteza kitu. Sisi hapa kiangazi tunaning'iniza shuka jeupe nyuma ya nyumba, projekta ndogo, spika moja nzuri, mtu anachoma nyama, na wazee wakisikia wimbo wanaoujua wanaimba. Kama uko ocha Kenya na stima ipo hata huko unaweza, hakikisha tu umeidaunilodi mapema usitegemee bando.

Na ukiwa Marekani, nenda draivini halisi, zimebaki kama 300 hivi na zinazidi kupungua. Wazee wa Nairobi waliozijua draivini za Belle Vue na Fox hawahitaji maelezo, lakini wewe kijana nisikilize. Mpango mzuri ni kukaa mchana Nashville, uone jumba la makumbusho la kantri na ukumbi wa Ryman ambapo Opry ilikuwa mpaka 1974, halafu jioni uendeshe kama saa moja mpaka draivini ya Stardust huko Watertown. Usitarajie Ferlin Husky, wanaonyesha sinema mpya, lakini utaelewa jinsi ya kukaa nazo zile za zamani. Fika mapema kabisa juu nafasi za mbele zinaisha, na ukiwa na gari la juu sana utawekwa nyuma. Sauti inakuja kwa FM, kwa hiyo beba redio ndogo ya betri badala ya kutegemea ya gari, masaa matatu bila injini unaweza kushindwa kuliwasha. Beba blanketi hata kama mchana ulikuwa moto, na dawa ya mbu. Chakula nunua hapo hapo, hiyo ndiyo pesa inayomweka mwenye draivini kwa biashara.

Juni giza linaingia karibu saa tatu usiku, na mara nyingi ni sinema mbili kwa tiketi moja, ya pili inaisha usiku sana. Kama uko na watoto wadogo ama mzazi, ondokeni baada ya ya kwanza, barabara za huko hazina taa na kulungu wanavuka sana.