Kanula: mfundishe muuguzi pale kitandani

Umeuliza kwa nini mikono ya wagonjwa inazidi kuvimba ilhali wauguzi wote wamepita semina ya kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaoachwa mshipani ili kupitishia dawa. Slaidi hazifundishi mkono. Mfuate kila mmoja wodini, mtazame akitoa dawa moja tu ya mshipa: je, anasugua mdomo wa kanula kwa spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 15, kisha anasubiri ukauke? Wengi hupangusa mara moja na kusukuma dawa papo hapo, vijidudu vikaingia nayo. Asukume salaini (maji safi ya chumvi) mililita 5, kabla na baada ya dawa, la sivyo damu huganda ndani. Na plasta nyeupe isifunike pale kanula ilipoingilia, wekundu utauonaje? Mgonjwa akisema panauma, itoke, hata kama imewekwa asubuhi ile ile.